KIJIWENI SOWETO: Kihispania cha kutosha ni kiasi gani?

Huku kwetu Mbeya baridi imeshabisha hodi bila kuulizwa, mlima Loleza asubuhi umejifunika shuka, na pale Soko la Soweto akina mama wanapanga ndizi za Tukuyu wamevaa makoti mawili mawili. Lakini wiki hii sina nia ya kuzungumzia baridi. Nataka kuwapa kisa cha nyumbani kwetu, maana kimeninyima usingizi, na najua wengi wenu mnaoota majuu usiku na mchana kitawagusa.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu wa tumbo moja, amepata nafasi ya kwenda Cuba kusomea udaktari. Haendi kupiga picha ufukweni na kurudi. Ukihesabu masomo ya lugha na udaktari wenyewe, ni safari ya miaka kama saba hivi. Mama yake anauza mchele hapo Soweto, mchele wa Kyela, ule unaonukia kabla hata hujabandika sufuria. Nauli imetoka kwenye magunia, na magunia yalipoishia, kiwanja cha Iwambi kikapata mwenyewe mwingine. Mnaelewa basi kwamba tiketi ile ina jasho ndani yake.

Mambo yote yalikuwa yamenyooka mpaka jioni moja binti alipokuja kwangu, akavuta stuli, akakaa kimya. Binti wa umri ule akikaa kimya mbele ya mjomba, wewe jiandae. Nikadhani kuna bwana kajitokeza na mahari. Kumbe wapi!

"Mjomba," akasema, "nataka niwaombe waniahirishie mpaka mwakani. Kihispania changu bado. Siwezi kwenda kuwa bubu nchi ya watu miaka saba."

Nikamuuliza, bado kwa kiasi gani? Akanionesha simu. Ana programu ya kujifunzia lugha yenye kijibundi cha kijani, kila siku kijibundi kinamwamsha na kumgombeza asipofanya zoezi. (Dada yangu alipokiona mara ya kwanza alitaka kuivunja simu. Bundi ndani ya nyumba, tena anaita kwa jina? Ilibidi tuitwe wazee kuja kueleza.) Miezi minne na kijibundi chake, binti anajua kusema kwamba farasi anakunywa maziwa. Sasa akiwaza kwamba atakaa kwenye ukumbi wa mihadhara asikie habari za ini na figo kwa lugha hiyo, tumbo linamvuruga.

Likaitishwa baraza la familia. Nikasema hapa pana kazi, maana kila mtu alikuja na lake. Babu mdogo akasema mtoto ana haki, asiende mpaka lugha iive. Kaka yetu mkubwa, dereva wa malori ya Tunduma na Lubumbashi, akacheka mpaka akakohoa. Akasema yeye Kibemba alijifunzia foleni ya mpakani, hakuna aliyempa cheti. Dada akaniangalia mimi. "Wewe si ulienda Maputo huna neno hata moja? Ukafa?"

Sikufa, ni kweli. Lakini hapo ndipo ilipobidi niseme jambo ambalo sikuwahi kumsimulia mtu.

Mwaka 1997 mimi na wenzangu wawili tulitoka hapa na vibegi vya mgongoni, safari ya Bondeni. Wakubwa wenzangu mnaikumbuka homa ile, kila kijana wa mjini alikuwa anaelekea Durban au ana mshikaji aliyeko Durban. Tulipita Malawi, tukaingia Msumbiji, na mshiko ukatuishia Maputo. Nilikwama pale miezi minane. Nikabeba mizigo soko la Xipamanine, nikalala kwenye chumba cha uani cha mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akiuza mkaa. Yule mama alinilisha siku ambazo sikuwa na kitu. Hakuniuliza kabila wala pasi.

Kireno changu kilikua harakaharaka, lakini kilikua upande mmoja tu, kama mti wa njiani. Nilijua "quanto custa", nilijua namba zote mpaka elfu, nilijua kulalamika kwamba bei ni kubwa, nilijua na matusi matatu mazito. Kwa lugha yao ya nyumbani nilijua "khanimambo", yaani asante. Nikajiona nimefika.

Mwezi wa sita wangu pale, mtoto wa kiume wa yule mama akafariki. Nyumba ikajaa watu. Mimi nikakaa ukutani na wanaume wengine, na zamu yangu ilipofika ya kwenda kumshika mkono mama, nikafungua mdomo na hamna kitu kilichotoka. Pole ya Kireno sikuijua. Kichwani yalikuwa yanazunguka maneno ya kupunguza bei ya magunia. Mwisho nikasema "khanimambo". Asante! Mtu kafiwa, nami namwambia asante. Alinipigapiga mkono tu, akaendelea kulia. Mpaka naondoka sikuwahi kulirekebisha.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi lugha ya kutosha ni kiasi gani, sitakuhesabia maneno. Nitakuuliza kwanza ni maneno yapi.

Baada ya kikao kile, mimi na mpwa wangu tuliketi siku tatu na daftari. Tuliyoandika nawapa hapa, labda na wewe una safari.

Tuligawa lugha katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la mlangoni, fungu la pili ni la nyumbani, fungu la tatu ni la kazini. Kosa la binti lilikuwa kutaka mafungu yote matatu kabla hajapanda ndege. Kosa la kaka yetu dereva ni kudhani fungu la kwanza litakufikisha popote.

Fungu la mlangoni ndilo la kubeba kutoka nyumbani, na miezi miwili mitatu ya kujituma inalitosha. Salamu, asante, tafadhali, samahani. Namba, saa na siku. Kulia, kushoto, mbele. Nina njaa, nina kiu, naumwa hapa. Majina ya viungo vya mwili na ya dawa unazotumia. Na sentensi moja ya dhahabu: "Más despacio, por favor", yaani polepole tafadhali. Msidharau mambo haya madogo. Mtu wa Dar akija Soko la Soweto akasema "ndaga fijo" baada ya kupewa chenji, mama wa ndizi anaongeza mbili bure na kumuuliza kama kaoa. Maneno mawili tu ya Kinyakyusa! Na huko ni vilevile.

Kwenye fungu hilo nikamlazimisha aongeze maneno ya msiba na ya furaha: "lo siento mucho" kwa aliyepatwa na jambo, "felicidades" kwa aliyejaliwa. Hayo kwenye zoezi la farasi na maziwa hatukuyaona.

Halafu nikamwonesha kitu ambacho kilimtoa hofu. Sisi Waswahili hatuanzi Kihispania sifuri, ndugu zangu. Irabu zao ni a, e, i, o, u, zinatamkwa kama zetu kabisa, hazikugeukii katikati ya njia kama za Kiingereza. Ile "n" yenye kilemba, ñ, ni "ny" ya nyanya. "J" yao inakwaruza koo kama "kh" ya wazee wa Pwani. "H" haisemwi. "Z" ya Madrid ni "th" ya thelathini, lakini Cuba na Amerika ya Kusini wanasema "s" tu, kazi imepungua.

Maneno nayo ni ndugu. Waarabu walikaa Hispania karibu miaka 800, kuanzia mwaka 711 mpaka 1492, na huku Pwani wamepita karne na karne. Kwa hiyo lugha mbili zisizojuana zimechota kisima kimoja. Sukari yetu kwao ni "azúcar". Fulani ni "fulano", tena kwa maana ileile ya mtu usiyetaka kumtaja. "Hasta", yaani mpaka, ni ndugu wa hata yetu. Taarifa yetu na "tarifa" yao ya nauli wana babu mmoja. Na yale tuliyochukua kwa Wareno, ambao ni majirani wa Wahispania, yako wazi zaidi: meza ni "mesa", bendera ni "bandera", karata ni "carta".

Sarufi je? Sisi tunasema nasema, unasema, anasema, mtu anajulikana mbele ya kitenzi. Wao wanasema "hablo, hablas, habla", mtu anajulikana mwishoni. Kanga ileile imefungwa upande mwingine. Na wanapolia kwamba kila jina lao ni la kiume au la kike, mimi hucheka. Aliyelelewa na ngeli zetu, akajua kiti hiki, mti huu, jiwe hili na ukuta huu, atashindwaje na jinsia mbili tu?

Lakini mitego ipo, na nimemwandikia kwa wino mwekundu. "Sí" kwao ni ndiyo, wakati kwetu si ni kukataa. Mtu akikuuliza kama umeelewa ukaanza kujitetea "si...", umekwisha. "Baba" kwao ni ute unaomtoka mtoto mdomoni. Na kaka, jamani, neno letu la heshima, kule ukilitamka unamtaja mtu kwa jina la kinyesi. Binti alicheka mpaka machozi, akasema salamu za wajomba zake atazipeleka kwa maandishi.

Fungu la pili, la nyumbani, halinunuliki hapa Mbeya hata ukeshe. Hilo ni la jikoni, kwenye basi, kwenye foleni ya mkate. Kitabu kitakufundisha kwamba basi ni "autobús", ukifika Havana unasikia "guagua". Kitabu kitakufundisha "amigo", vijana wa kule wanaitana "asere", sawa na sisi tunavyosema mshikaji, na mambo vipi yao ni "qué bolá". Tena Wacuba wana tabia ya kumeza "s" ya mwisho, maneno yanatoka yamekatwa mikia. Mtu aliyesubiri lugha iive nyumbani atafika na kugundua kwamba aliyoivisha ni nyingine. Sisi wenyewe mgeni aliyesoma Kiswahili cha kitabuni akisikia kijiwe cha Mwanjelwa kinavyoongea anaomba maji.

Na msiniambie kuna simu ya kutafsiri. Simu inataka chaji na mtandao. Oktoba 2024 gridi ya umeme ya Cuba ilizimika nchi nzima, na shida ya umeme kule siyo ya siku moja. Siku hiyo kijibundi chako kimelala, umebaki wewe na mdomo wako.

Fungu la tatu ni la kazini, na hapa sina mzaha. Binti alikuwa na haki ya kuogopa. Mgonjwa hatibiwi kwa ishara za mikono. Na kusoma kwa lugha usiyoielewa ni mateso, waulizeni waliolipa jina hili la Soweto umaarufu duniani. Juni 16, 1976 watoto wa shule wa Soweto ya Johannesburg waliandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana, na polisi wakawafyatulia risasi. Sisi tumelibeba jina lao, basi tukumbuke na sababu yao. Lugha ya darasani inaweza kuwa mlango, inaweza kuwa ukuta.

Tofauti ni kwamba safari hii lugha hiyo amejichagulia mwenyewe, na imewekewa muda wake. Ile shule kubwa ya udaktari ya wageni iliyofunguliwa Havana mwaka 1999, Escuela Latinoamericana de Medicina, imekuwa na masomo ya maandalizi ya lugha kwa wanafunzi wasiojua Kihispania kabla ya kuingia kwenye udaktari. Mpango wa mpwa wangu nao uko hivyohivyo. Lugha ya ini na figo atafundishwa na watu wenye ini na figo zao mbele yake. Kuahirisha mwaka ili ajifunze peke yake chumbani kitu ambacho wameshapanga kumfundisha, hiyo ni hofu imevaa joho la bidii. Isitoshe nafasi ya mwakani hakuna aliyetuandikia.

Nilipoona bado anasitasita nikampa kisa cha Kigoma. Mwaka 1965 Che Guevara na kundi la Wacuba walipita kwetu Tanzania, Aprili wakavuka Ziwa Tanganyika kwenda kupigana Congo. Majina ya kificho waliyachukua kwenye Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che mwenyewe akawa Tatu. Yaani hata mtu mkubwa kama yule Kiswahili alikianzia kwenye moja, mbili, tatu! Mwalimu wake alikuwa kijana wa Kikongo wa miaka 16, Freddy Ilanga, wakielewana kwa Kifaransa. Vita ile ilishindwa, Novemba Wacuba wakaondoka. Ilanga naye akapelekwa Cuba. Yule kijana wa Kiswahili na Kifaransa akasoma huko, akawa daktari wa upasuaji wa ubongo wa watoto, na ndiko alikofariki mwaka 2005. Sasa wewe una kijibundi, una daftari, una mjomba. Yeye alikuwa na nini?

Na njia siku hizi inapitika pande zote mbili. Novemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Havana kwenye kongamano la kimataifa la Kiswahili. Mwaka 2018 Kenya ilipokea madaktari 100 wa Cuba na kuwapeleka wa kwao 50 kule kusoma. Hata sisi wa mpira, Yanga ilifundishwa na Muargentina Miguel Gamondi, Simba ikafundishwa na Mhispania Pablo Franco. Kihispania kimeshaingia Kariakoo kitambo, sisi tulikuwa tunashangilia tu hatusikilizi.

Sikumwamulia. Nilimwambia dada naye asimwamulie, ijapokuwa kiwanja ni chake. Jumapili binti alirudi, safari hii hakukaa kimya. Akasema haahirishi. Amebakiwa na wiki saba, na amezigawa: asubuhi namba na viungo vya mwili, jioni kuongea kwa sauti mbele ya kioo, Jumamosi sokoni kwa mama yake akihesabu kilo za mchele kwa Kihispania. Wateja wameanza kuzoea. Juzi mzee mmoja wa Kabwe alipewa "cinco kilos", akalipa za tano sawasawa, akaondoka akiwa hana habari kwamba kasoma lugha.

Kabla hajaondoka nikamwambia anitamkie ile ya pole. Akasema, "Lo siento mucho." Nikairudia. Akanisahihisha, nikairudia tena.

"Lakini mjomba," akasema, "hiki ni Kihispania. Yule mama si alikuwa wa Maputo?"

Nikamwambia najua. Akafungua simu yake, akatafuta kidogo, akasema kwa Kireno ni "sinto muito", ndugu wa damu na ile. Maneno mawili tu. Miezi minane nilipita nayo barabarani kila siku, sikuwahi kuinama kuyaokota.

Basi msomaji wangu, kama una safari ndefu, iwe Havana, Guangzhou, Muscat au Lubumbashi hapo, usingoje lugha iive, na usiende mikono mitupu. Beba ya mlangoni, acha nafasi begini kwa ya nyumbani, na kaza msuli kwa ya kazini. Na kabla ya neno la kuomba bei ipungue, jifunze la kumpa mtu pole.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.